Samaki Wananenepa, Tangi Linaota Nywele

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie upesi maana nimebakiwa na wiki tatu kabla mume wangu hajarudi, na usinicheke, ingawa najua utacheka.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya macho, ndoa yangu ina miaka miwili, na mume wangu, fundi wa lifti, ana mapenzi mawili duniani, mimi na tangi lake la samaki wa maji ya chumvi, na sijawahi kumuuliza nani anatangulia kwa sababu sitaki kujua. Tangi liko sebuleni, lina mawe na matumbawe hai aliyoyalea miaka sita, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata kioo, mpaka alipopelekwa kozi ya miezi minne ndipo akanikabidhi, akaniandikia maelekezo karatasi mbili, akasema, "Nakuachia wewe kwa sababu nakuamini," nami kichwa kikavimba kama nimepewa ofisi.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja kukaa kwetu baada ya kupasuliwa goti, nikamwekea kiti mbele ya tangi apate cha kutazama nikiwa kazini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mimi nawalisha samaki asubuhi, na yeye, nimekuja kugundua, anawalisha mchana na tena jioni, kwa kuwa kila akisogea wanakimbilia kwenye kioo midomo wazi, na mtu aliyelea watoto saba hawezi kuona mdomo wazi akaupita. Taa nayo haizimwi mpaka alale kwa sababu anataka kuwaona, na yale maji maalumu yaliyochujwa yalipoisha nikawa najazia ya bomba, nikijiambia maji ni maji. Sasa mawe yote yameota mwani, mrefu, wa kijani, unapepea humo kama nywele, nikiung'oa leo keshokutwa umerudi, na lile tumbawe analolipenda kuliko yote leo siku ya tano limejikunja, halifunguki.

Kosa kubwa sijalisema bado. Kila mume wangu akiomba picha namtumia za zamani, za kabla hajaondoka, na wiki jana akaniuliza kiti cha mama nimekihamishia wapi, nikamjibu nilikuwa nafagia. Nikimweleza ukweli itabidi nimtaje mama, na mama nikimkataza nitamvunja moyo, maana juzi aliniambia, "Mwanangu, tangu goti liniharibikie, hawa ndio pekee wanaonikimbilia," nikaenda jikoni nikalia. Muuza samaki anayo dawa, anasema inaua mwani wote kwa siku mbili. Niimwage ninyamaze, au nifanyeje?

Mimi, Mlezi wa Samaki Wanono

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, samahani, nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia kuna nini. Basi, nimemaliza, sasa tusemezane.

Dawa usinunue. Mwani wote huo ukifa kwa mpigo utaoza humo humo, utamaliza hewa ya majini, na mumeo atarudi akute tangi safi lisilo na samaki. Mwani wako si mkosi wala si jicho la mtu. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki ni mbolea, maji ya bomba nayo mara nyingi yana mbolea yake, kisha mnawasha taa kutwa. Mmelima shamba likastawi, mnashangaa nini? Na katika barua yako ndefu hukusema hata mara moja kwamba ulizisoma zile karatasi mbili. Mtu wa kliniki ya macho! Zitafute leo.

Taa iwake saa sita kwa siku, basi. Maji ya bomba koma. Kila wiki toa sehemu moja kati ya tano ya maji, urudishie yaliyochujwa, yaliyokorogwa na chumvi ya tangi, si ya jikoni, yakiwa na joto na ukali wa chumvi uleule wa yaliyomo. Maji uliyoyatoa yatie kwenye beseni, chomoa jiwe mojamoja lisilo na tumbawe, ulisugue humo kwa mswaki mpya bila sabuni. Sponji ya chujio ioshe pia. Pesa ya dawa nunulia konokono wa baharini, hao mwani ndio riziki yao. Lakini usijidanganye, wiki tatu zitapunguza tu, hazitamaliza, kwa hiyo mpango wako wa kunyamaza umekufa tayari.

Mama mkwe usimkataze, mpe kazi. Wewe ndiye uache kulisha. Alishe yeye, peke yake, mara moja kwa siku, chakula umkadirie asubuhi kwenye kifuniko cha chupa, kiasi cha kuliwa kikaisha kwa dakika mbili, na kopo ulifungie kabatini. Mweleze sababu, ni mtu mzima aliyelea watoto saba, anajua mtoto anayelishwa kupita kiasi anavyokuwa. Samaki watazidi kumkimbilia, maana safari hii watakuwa na njaa ya kweli. Na beseni la mawe mpelekee pale kitini, goti ndilo bovu, mikono ni mizima.

Sasa mumeo. Huyo anajua. Ameulizia kiti kwa sababu ndani ya picha zako hamwoni mama yake, mgonjwa, ambaye yeye anajua fika kwamba hushinda hapo. Umemnyima kumwona mama ili usionyeshe mwani, na hilo, mwanangu, ni baya kuliko mwani wenyewe.

Leo, mama akiwa analisha, mpige picha na tangi lote, manyoya yote ya kijani yaonekane, umtumie mumeo. Kisha mpigie, sema umekosea, na usimtaje mama, taja zile picha zako. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Akimaliza muulize tumbawe lake lihudumiweje, kwa maana hapo nimefika mwisho wa ujuzi wangu. Miezi yote hii umekuwa ukizungumza na daktari kwenye simu, ukimficha mgonjwa. Mpigie.