Banasema Ninakula Damu ya Benita

Kazi mbili, 6/5
Nimetwanga mizizi ya munkoyo, nimeitia mu uji ichachuke ikuwe kinywaji, nimefunika. Niko na kasirani. Tantine Véro, dada ya mukwe wangu Fabrice, amenifungia mulango. Mujukulu wangu Benita, mutoto ya binti yangu na Fabrice, iko mugonjwa tena. Mifupa inamuuma, macho ya manjano, na mie nisimuone. Juu banasema mie njo ninamukula damu. Mie mwenye nilimubeba ku mugongo! Muloji, muchawi, banasema. Wajinga. Sikusoma, lakini herufi zenye bamama wa parokia balinifundisha zinatosha kuandika hiyo neno: wajinga.

Kazi ine, 8/5
Clarisse, dada mukubwa ya Benita, alikuya kujifunzia kwangu mie kambo, bibi yake. Kwao ni maombi na kelele tu. Anasoma udaktari kule Kasapa, na mutihani, examen ya selile, inakaribia. Yeye anasoma kwa sauti, mie nachambua maharagi. Selile njo vyumba vidogo vyenye kujenga mwili. Ukuta yake inachagua nani aingie. Ndani kuko nwayo, ile kiini yenye kuchunga maagizo, nusu ya baba, nusu ya mama. Selile nyekundu ya damu inatupa nwayo yake mbele ya kutoka mu mufupa, ipate nafasi ya kubeba hewa. Hiyo nilipenda.

Nikauliza, na za Benita?

Akafunga kitabu. "Kambo, zake zinapinda sawa kupe-kupe, ile chuma ya kupinda ya kukatia majani. Zinakwama mu mishipa. Njo ile maumivu. Maagizo mabaya yalitoka pande mbili, kwa mama na kwa papa. Upande moja peke haitoshi."

Pande mbili! Na miaka yote jina baya nabeba mie peke.

Posho, 10/5
Fabrice amepeleka Benita ku chumba ya maombi. Kufunga, hata maji hapana. Asubuhi banamuosha na maji ya baridi, mu hii baridi ya mwezi wa tano. Clarisse analia. Baridi na kiu, anasema, njo vinapindisha zile selile zaidi. Banaua mutoto, kiisha batasema ni mie.

Siku ya Mungu, 11/5
Misa niliacha. Nilienda na Clarisse ku chumba ya maombi, nikasukuma mulango.

Tantine Véro akapandisha sauti: "Muloji amekuya kumaliza kazi yake!"

Nikamujibu: "Nifunge kamba ukipenda. Lakini mupe mutoto maji!"

Midomo ya Benita ilikuwa imepasuka. Clarisse akasimama mbele ya baba yake. Hakupandisha sauti. "Papa, mama alipimwa. Iko na agizo mbaya moja. Ile ingine ilitoka kwako. Kambo alipitia wapi kuingia mu damu yako?"

"Mu ukoo yetu hakuna!" Véro tena.

"Na Placide, mudogo yenu mwenye alikufa akiwa mutoto? Alikuwa analilia nini?"

Fabrice akashika muguu ya Benita.

"Mifupa," alisema.

Akamuinua Benita yeye mwenyewe. Nilimufunika na kitenge yangu, tukaenda hospitali.

Kazi tatu, 14/5
Benita amepewa damu. Anakunywa, anaomba bukari na samaki. Fabrice alipimwa. Iko nayo, sawa Clarisse alisema. Alikuya kuniomba musamaha, analia mbele ya banesi. Nilimusamehe nusu. Nusu ingine bado. Véro hajatuma hata neno. Kasirani yangu iko palepale, na siitoi.

Clarisse alifanya examen na macho mekundu. Matokeo bado.

Posho, 17/5
Benita ametoka hospitali, iko kwangu, ku jua mbele ya nyumba. Nimemuvalisha soksi mbili mbili. Kichwa ku mapaja yangu. Akauliza:

"Kambo, ni kweli unakulaka bantu?"

"Wewe? Mifupa mitupu. Siwezi kushiba."

Alicheka mpaka akakohoa.

Kiisha Véro akapita mu njia. Alituona. Hakusalimia. Benita akamupungia mukono. Nilitaka kuushusha huo mukono. Nikauacha.