Nyongo Niliyompa Kioko

Susu,

Ni mimi mjukuu wako, yule uliyemwita mumeo mdogo. Tangu tukuzike kule Machakos, mtaa mzima wa Kiamaiko hauna daktari wa matumbo kama mimi. Nikiletewa simba anayeumwa tumbo, nitamtibu, na ataondoka akiniita mkubwa. Shule niliachia darasa la sita, lakini wachinjaji wazima wananiita Profesa. Sufuria yako ya dawa nimeirithi. Nyongo ya mbuzi wananipa bure, bado ina joto. Mzee akivimbiwa na nyama, namwekea nyongo kwa supu, anacheua, anaenda akinisifu. Ungesema, “Mume wangu, huo mdomo utakufikisha bungeni.”

Basi jana Kioko, mtoto wa dada yangu Mwende, akaanza kuhara. Ulimwacha hana jino. Sasa anatembea akishika ukuta. Nikasema dawa ni nyongo. Mwende akauliza, “Kwani Susu alikuwa anawapa watoto?” Nikamwambia, “Alimfundisha nani, mimi ama wewe?”

Susu, hukunifundisha. Uliniita jikoni, nikawa nje na mpira.

Nilimpa kijiko. Akatapika. Kuhara kukazidi, maji matupu, nami nasema ni uchafu unatoka. Kufika mchana macho yameingia ndani, analia bila machozi. Jirani yetu Mama Auma akaja kuomba kiberiti. Akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama.

“Wewe kijana, unataka tuzike mtoto?”

Akachemsha maji, akatia sukari na chumvi kidogo, tukamnywesha kijiko kwa kijiko hadi hospitali. Njiani ndipo akaniambia: watoto uliwapa uji mwepesi na maji ya mchele tu. Nyongo, hata siku moja. Jirani anajua, mimi mumeo sijui.

Naandika nikiwa kwa benchi nje ya wodi. Kioko ametundikiwa dripu. Nesi anasema tungoje akojoe. Bado hajakojoa.

Pumzika, Susu. Mtoto wa mtu hataonja nyongo mkononi mwangu tena, naapa kwa kaburi lako.

Daktari aliuliza mbona mtoto amekauka hivi. Nikasema ni kuhara. Mwende akaangalia chini, hakunitaja. Jana asubuhi alikuwa anamnywesha maji, Kioko ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikakichukua. Nikasema tumbo linalohara halipewi maji. Mtoto akanifuata hadi mlangoni, mikono ameinyoosha, nami nikayamwaga nje akiona.