Fundi Katoa Masega ya Pikapu

Dutwa, Bariadi
11 Juni 2025

Mpendwa kaka Marcelo,

Sasa hivi Domitila kacheua uji wote kwenye kanga yangu. Kakohoa mpaka machozi, halafu kaniangalia akacheka, kama vile mchafu ni mimi. Nimemfuta, kalala mapajani, ndiyo nakuandikia.

Mwangaluka, kaka, maana ni asubuhi. Mnaendeleaje huko Makambako na baridi yenu? Wifi Scola mguu umepona? Sisi wengine wazima, ila kifua cha mtoto ndiyo hicho, na mimi nina hasira ambayo haijawahi kunikaa.

Ni pikapu. Mwezi uliopita ekzosi ilitoboka, mume wangu Nyanda akaipeleka kwa fundi Hilali ichomelewe. Ikarudi inanguruma kama trekta, moshi unapanda kwenye tundu la gia, unajaa mbele tunapokaa. Kumbe katoa masega. Wewe dereva unayajua, mimi nimeyajua juzi, yale ya ndani ya ekzosi yanayochuja moshi. Kuna watu wanapita na pikipiki wanayanunua kama dhahabu. Hilali kaweka bomba tupu, kanyamaza.

Kila Alhamisi nampeleka mtoto Bariadi kwa ajili ya kifua hicho hicho. Anatoka nyumbani anakohoa kidogo, anafika kwa daktari hana pumzi. Na mimi nilikuwa namfunika kanga nikidhani ni vumbi!

Nyanda alipomuuliza, Hilali akacheka. "Msukuma wewe, mimi si mtani wako? Nikifa njoo ubebe mbuzi." Na Nyanda akacheka naye, kaka! Akarudi kuniambia eti mtani hashtakiwi. Utani wa makabila upo, siukatai. Msibani mtani atakamata kuku, atamwaga majivu, tutacheka. Lakini pumzi ya mwanangu siyo kuku.

Basi jana nikaenda gereji mwenyewe, mtoto mgongoni. Jeki lake kubwa nikalikuta pembeni, nikalitwika kichwani. Hilali akapiga kelele, "Shemeji, hiyo ndiyo kazi yangu!" Nikamwambia, "Na mimi mtani wako, nikifa njoo ulichukue." Gereji nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Lipo chini ya kitanda.

Naomba umpigie Nyanda, wewe anakusikiliza. Na unieleze masega ya kweli yanatambulikaje, asije akafunga takataka akasema ndiyo hayo. Yakirudi mtoto atapata nafuu, naamini kabisa, maana siku tukipanda basi hakohoi hivi.

Mama anawasalimu, na bibi Ng'washi anauliza mnakuja lini. Mungu awafunike nyumbani na barabarani. Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Jenifer

Kaka, sijafunga bahasha bado, Nyanda ananiita huko nje. Hilali kaja na kiroba, anasema masega yamo humo, ila nitoe jeki kwanza. Mimi nasema kifunguliwe kiroba kwanza, tena mbele ya majirani, maana akidhani nitamwamini kwa mdomo tu, jeki halitoki chini ya kitanda.