Reli Iliyopanda Kutoka Magadi

Kuka,

Imepanda! Nilitaka kuanza na salamu, lakini babu yangu, nimeshindwa kungoja. Treni yetu imepanda kutoka Magadi mpaka Kajiado na mzigo wake wote!

Sasa salamu. Sisi hapa Kitengela hatujambo. Baba bado yuko kwenye kiwanda cha saruji. Nyanya alibaki Bungoma baada ya kukuzika. Alisema nyumba ya kupanga bila kikohozi chako ni kimya mno. Kiti chako kiko pale pale mlangoni. Sikikalii. Sijui kwa nini.

Ulikuwa umeniahidi kunipeleka Kajiado nione reli ambayo baba yako aliijenga wakati wa wakoloni. Mazishini sikulia, watu wakanisifu kwamba nina moyo mgumu. Kumbe nilikuwa nikijiuliza, sasa nitapelekwa na nani?

Ndipo Mwalimu wa historia akatangaza maonyesho ya shule huko Kajiado. Tutengeneze kitu cha enzi ya ukoloni, na kisipofanya kazi, hatuendi. Nikainua mkono kabla hajamaliza. "Reli ya Magadi, Mwalimu!"

Niliwasimulia wenzangu yote uliyonisimulia. Kwamba kiu iliwasumbua kuliko simba. Kwamba reli zilibebwa mabegani, na zikishapigwa na jua zilichoma ngozi. Kwamba baada ya Kajiado nchi inaporomoka mpaka Ziwa Magadi, yanakochimbwa magadi, na hapo ndipo kazi ilipowashinda wengi wakarudi kwao.

Tulifinyanga mlima wa udongo juu ya meza mbili. Reli ni waya wa ua, mataruma ya kulalia reli ni vijiti vya mgunga, treni ni kopo la maziwa lenye mota ya redio ya kaseti iliyoharibika. Kushuka ilishuka vizuri sana. Kupanda na mzigo wa magadi ya kupikia, aa! Ilifika katikati, magurudumu yakazunguka bure, ikarudi nyuma. Tukaongeza betri, mota ikaanza kunuka. Tukataka kupunguza mzigo, Mwalimu akasema, "Treni isiyobeba magadi ilijengewa nini?"

Nilienda nyumbani nikijua Kajiado sitaiona.

Kesho yake Naserian, mwenzangu wa darasani, alisimama mbele ya meza yetu akicheka. Kwao ni Kisaju, ni wafugaji. "Wewe Nekesa, reli yako imenyooka kama rula! Ng'ombe wa baba wangeiangalia tu, halafu walale chini." Akapitisha kidole ubavuni mwa mlima, akazunguka, akarudi juu kidogo, akazunguka tena. Ng'ombe aliyeshiba maji, alisema, hapandi mlima akiutazama usoni.

Tuling'oa kila kitu. Nililia kidogo, kwa maana yale mataruma niliyapanga mwenyewe. Lakini nikiwa katikati ya kupanga upya, nilikumbuka maneno yako! Ulisema baba yako na wenzake walifanya kazi juma zima, na wakiinua macho wanaona mahema ya juma lililopita juu ya vichwa vyao. Siku zote nilidhani unanitania. Kuka, zilikuwa kona! Walikuwa wakiushuka mlima kwa kuuzunguka.

Tulipowasha, kopo lilipiga kona ya kwanza, likapiga ya pili, na kwa ya mwisho hakuna aliyepumua. Lilipofika juu darasa zima lilipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza nani ameumia.

Basi nimefika Kajiado. Tulikuwa stesheni mimi na Naserian wakati treni ya kweli ilipokuja kutoka ziwani, ndefu, nzito, polepole, ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyangu. Naserian akanigeukia: "Kumbe ni watu wenu walipitisha hii kitu katikati ya malisho yetu! Mwambie babu yako tunataka kupanda bure." Nilimwambia nitakufikishia. Tulicheka, lakini neno lake limenikaa moyoni.

Pumzika, Kuka. Mkono wako wa kunishika sikuwa nao, ila nimefika. Nami nakuahidi kwamba nitasoma mpaka nijue kuchora njia za reli. Na siku nitakayopewa karatasi, kabla sijapiga mstari hata mmoja, nitakwenda kwa wenye nchi niwaulize ng'ombe wao hupita wapi.

Mjukuu wako,
Nekesa