Mtu wa Theluji na Kitambaa Kibichi

Sasa hivi tu mwanangu Barwaaqo amechovya kitambaa cha vyombo kwenye beseni, amekikamua mpaka tumbo lake lote limelowa, kisha amekwenda kumfunika nacho mtu wa theluji niliyembandika ukutani. Ni mtu wa karatasi, mwili wake pamba. Amempapasa kichwani, akasema, "Baridi." Halafu amenitazama kama fundi aliyemaliza kazi.

Sijamzuia. Maji yanashuka ukutani, pamba ya kidevuni imeanza kuning'inia, nami nimekaa mkekani na simu yangu, natazama tu. Ana miaka miwili na amelishika somo langu vizuri. Lile lile nililokosea.

Leo ni Jumatano. Upepo umegeuka tangu juzi, ni ule mkavu unaotia vumbi hadi kwenye kikombe kilichofunikwa. Mvua za deyr, vuli yetu, zimeaga, na jilaal, kiangazi chetu kikali, kimeshakanyaga mlangoni. Moyo wangu hauko hapa Garissa. Uko kwenye darasa moja huko Korea, kando ya bahari nisiyoijua, na hautarudi kabla ya saa tano, nitakapopewa jibu.

Ngoja nieleze vizuri, maana ipo siku nitayasoma haya nikiwa mzee na nitakuwa nimesahau.

Mwaka juzi alikuja hapa mwalimu Mkorea, Sora, akakaa mwaka mzima akifundisha kina mama kushona. Nilimchora hina kwenye harusi ya jirani. Aliutazama mkono wake muda mrefu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hodan, mkono yako iko na hadithi." Aliporudi kwao akanitumia tableti, na ombi. Ana wanafunzi wanane, wa miaka saba na minane. Maneno ya Kiingereza wanayo, midomo ndiyo haifunguki. Wakimsikia mwalimu anayekitiririsha, wanajificha chini ya meza. "Kiingereza yako inatembea polepole," akasema Sora. "Hawataiogopa."

Nilicheka. Iliniuma pia, kidogo. Mimi niliishia kidato cha pili.

Basi kila Jumatano saa tatu asubuhi, kwao ikiwa saa tisa alasiri, tunafanya kazi za mikono za misimu. Msimu wa maua tulikata maua ya karatasi. Majani yao yalipoanguka tulipaka majani ya karatasi rangi ya hina. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unajisahau. Mtoto anaomba gundi kwa Kiingereza kabla hajakumbuka kwamba anaogopa.

Na mimi je? Nikiosha vyombo najikuta nikitaja rangi kwa Kiingereza peke yangu. Kuna mtaa mmoja kichwani mwangu, mweupe wote, kimya, nami napita na mtandio wangu nimemshika Barwaaqo mkono, na nyayo zetu zinabaki nyuma kama maandishi. Sijui niliutoa wapi mtaa huo. Naupenda tu.

Sasa kosa lenyewe.

Wiki mbili zilizopita kazi ilikuwa mtu wa theluji. Theluji nimeiona kwenye picha tu. Lakini mtu aliyeumbwa kwa baridi, nikafikiri, lazima alindwe, kwa sababu kwetu kitu cha baridi hakijitunzi chenyewe. Jerikeni la maji unalivisha gunia, gunia unalilowesha asubuhi na jioni, unaliweka upepo unapopita, na adhuhuri unakunywa maji baridi kama ya kisimani. Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Buna, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kulinywesha gunia. Kwa hiyo nikawaambia watoto wale, tena kwa sauti ya ualimu kabisa, kwamba nyumbani wamvishe mtu wa theluji kitambaa kibichi asubuhi na jioni, abaki baridi.

Saba waliona ni mzaha. Wa nane hakuona.

Wa nane ni Yuna, yule msichana ambaye tangu ajiunge miezi mitatu iliyopita alikuwa hajanipa hata neno moja. Anasikiliza, anakata karatasi, basi. Alifanya kama nilivyosema. Mtu wake wa karatasi, aliyekuwa aangikwe ukutani siku ya wazazi, kulipokucha alikuwa uji. Alilia mpaka akakosa shule. Mama yake akapiga simu shuleni, akauliza huyu ni mwalimu gani wa misimu asiyeijua theluji.

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwalimu mkuu wao, mzee mmoja mnyamavu, akasema leo atakaa darasani mwenyewe, kisha ataamua kama niendelee baada ya likizo yao au tuachie hapa. Jibu kabla watoto hawajaenda nyumbani. Saa tano yetu.

Akisema basi, ni basi. Ayeeyo, mama mkwe wangu, hapa nyumbani sote tunamwita hivyo kama Barwaaqo, ameniwekea nafasi kwenye meza yake ya maziwa ya ngamia sokoni. "Maziwa hayaombi cheti," huniambia. Hasemi kwa ubaya. Na mimi sina ugomvi na maziwa, ndiyo yaliyonilea. Ila pale mezani najua tayari nitakuwa nani mpaka nizeeke. Kwenye kioo kile cha tableti bado sijui. Nilishaanza hata kufikiri kwamba mtu anaweza kurudi kumalizia kidato cha nne na mtoto mgongoni.

Leo nilikuwa nimejiandaa na chembe za theluji, nimezikata kwenye mfuko wa unga. Tableti ikafunguka. Mzee yule nyuma, koti zito, mikono kifuani. Yuna mwisho wa meza, macho chini. Nilipomwona hivyo, zile karatasi zikaniponyoka zote.

Nikasema kitu ambacho sikukiandaa. Nikasema kwa Kiingereza changu cha polepole: theluji sijawahi kuiona. Niliwafundisha makosa. Yuna, nisamehe. Nifundisheni ninyi.

Mzee akainua kichwa. Nikajiambia, haya Hodan, umejichimbia mwenyewe.

Halafu wakaanza wote kwa pamoja, kama mbuzi waliofunguliwa zizi. "Ticha, hapana maji! Maji anakula theluji!" "Ticha, theluji analala nje, hapana nyumbani!" Mmoja alipanda juu ya kiti kunionyesha inavyoanguka. Katikati ya kelele hizo Yuna aliinuka, akatoka, akaacha mlango wazi. Nilidhani nimempoteza kabisa.

Akarudi na bakuli. Lilikuwa limejaa theluji.

Alilisogeza mpaka likajaza kioo chote. "Ticha, angalia," akasema. "Hii ni laini. Hii inauma mkono. Sasa inakuwa maji. Usihuzunike, nje iko nyingi." Sauti yake nene kidogo, sikuitarajia. Nikagusa kioo. Wallahi kidole changu kilipoa.

Kisha akaniuliza swali. Yeye, mimi! Akauliza kwetu msimu wa baridi tunauweka wapi.

Nikabeba tableti hadi uani. Ayeeyo alikuwa analimwagia maji gunia la jerikeni, nikawaonyesha, hiki ndicho kitambaa changu. Wakasema "Aaah!" wote wanane kwa mara moja. Ayeeyo akainama kuwachungulia.

"Naa Hodan, hawa watoto ni wagonjwa? Mbona wamejifunika mablanketi mchana?"

"Ni makoti, Ayeeyo. Kwao kuna baridi."

"Maskini. Waambie hapa jua tunalo la kumwaga, waje wachukue na magunia."

Nilipowatafsiria walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. Wakataka jina lake. Nikawafundisha neno "ayeeyo", kwamba ni bibi, wakaliimba sauti nane. Mama mkwe wangu, ambaye hubishana na madalali wa ngamia mpaka waombe maji, akajificha uso kwa mtandio.

Nyuma yake ulionekana mgunga wetu wa langoni. Umebaki miiba na viota viwili. Yuna akashtuka, akaigeuza kamera yao dirishani. Nje kulikuwa na mti. Hauna jani hata moja.

Baridi iliuvua ule, kiu iliuvua huu. Ukiichora kwa mkaa, nani atajua upi ni wa nani?

Tukaichora kwa mkaa. Wao wakabandika pamba kwenye matawi, mimi nikanyunyiza vumbi halisi la uani kwenye gundi. Hakuna aliyemtuma mtoto kusema Kiingereza, kilikuwa kinajisemea. Muda ukaisha. Mzee akasema, "Ahsante, Ticha Hodan," akaandika kitu kwenye karatasi yake. Uso wake ulikuwa mlango uliofungwa, tena kwa ndani.

Saa nne na nusu sasa. Tableti iko uani kwa Ayeeyo, kaiomba mwenyewe, eti anataka kuangalia picha za "ile chumvi yao", theluji, tena. Baba Barwaaqo yuko njiani na lori kutoka Liboi, simu yake haishiki. Labda ni heri. Angeniambia nisubiri, na kusubiri ndiko ninakofanya.

Barwaaqo amechoka na mgonjwa wake ukutani, amelala mapajani mwangu, mikono bado mibichi. Nilimpa jina hilo, neema, kwa sababu alizaliwa gu', masika yetu, wiki ambayo nchi yote ilikuwa kijani na ngamia wanazaa. Nikimwangalia hivi nashindwa kuamini kabisa kwamba jilaal ni msimu wa mwisho. Saa tano kasoro. Wakisema hapana nitakwenda kwenye maziwa, sitalia mbele ya mtu, na nitamweleza huyu akikua kwamba mama yake aliwahi ku

Ayeeyo anaita. Anapiga kelele kama nyumba inaungua.

"Naa Hodan! Kaalay, njoo haraka! Wamejaa kwenye kioo, wananiita ayeeyo, ayeeyo! Na Sora anasema yule mzee anauliza baada ya jilaal kwenu kunakuja nini, anataka kununua karatasi za masomo yenu likizo ikiisha, anunue rangi gani? Mimi nimjibu nini?"

Kijani, Ayeeyo! Mwambie kijani, yote kijani, mwambie nakuja, nina mtoto mapa