Lori Lililokwenda Mahameni

Mjukuu wangu Sada,

Marahaba. Hapa Isevya kikohozi cha babu yako kimepungua. Mimi ndiye nisiyekaa kitako tangu uniulize kwa nini programu yenu ya kutafuta taarifa hujipangia njia mbaya ya kuzifikia.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, jirani na Urambo, tulisubiri lori la mbegu na mvua imeshaanza. Nikawa natoka barabarani, narudi, natoka tena. Kumbe dereva alifuata njia fupi kabisa hadi kwenye mahame yetu, kule tulikohama, akakuta maboga yametambaa milangoni.

“Lakini kule ndiko mlikokuwa wengi!” alilalamika alipotufikia, mbegu zimeshalowa.

Njia aliipanga vizuri, mama. Habari zetu alizokuwa nazo ndizo zilizokuwa za zamani. Programu yenu ilichungulia lini mara ya mwisho taarifa zinakaa wapi? Nijibu upesi, nimeshasimama mlangoni.

Bibi yako