Homa Isiyokuwa Homa

Kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi na watoto. Natumaini kile kikohozi cha wifi kimemwachia, na kwamba kazi ya zamu haikunyimi usingizi kama mwaka jana. Sisi huku tunashukuru. Mama anatembea vizuri. Asubuhi fimbo anaisahau, jioni anaitafuta nyumba nzima. Kitindamimba wetu ameanza kula, na kabla hajaruhusiwa kutoka wodini alimgombeza muuguzi kwa kumletea uji wa baridi, kwa hiyo naamini amepona.

Barua yako niliipata Jumatano. Umeandika kwamba kama si mimi tungekuwa tunalia msiba, na kwamba marehemu baba angejivunia binti aliyesoma. Nimeisoma mara nne. Ndiyo sababu ya kukuandikia, na nakuomba uisome hii peke yako kwanza, mpaka mwisho.

Mama alikueleza kwa simu, lakini unamjua, husimulia akiruka mabonde. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mdogo wetu alirudi kutoka kiwanda cha nguo, anakoshona kola za mashati, akasema anasikia joto. Nilimtania kwamba chini ya bati hili nani hasikii joto. Haikupita muda jasho likawa linamchuruzika mpaka viwikoni, naye anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi, ilhali amekaa tu kitini. Mama alimpa vidonge vya homa. Havikushusha kitu. Tulipomvua blauzi tumpanguse, nikaona kitambaa cha kwapani kimegeuka manjano. Mama akasema ni nyongo. Mimi nilikunja ile blauzi nikaiweka chini ya kiti.

Hospitali tulipokewa na daktari mmoja mwanamke, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Kipimo kilisoma arobaini. Akasema huenda ni malaria au maambukizi ya damu, akachukua damu, akaanza kumtundikia dripu. Majibu yakaja safi. Akatuuliza amekula nini, amemeza nini. Mama aliapa kwamba mtoto hajameza chochote zaidi ya vidonge vya homa. Daktari akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa.

Kaka, tulikaa hivyo karibu masaa matatu. Kila nusu saa muuguzi alipima, na kila alipopima alikunja uso. Moyo wa mdogo wetu ulionekana ukidunda shingoni. Kipimo kilipofika arobaini na moja, akaanza kuweweseka, akinisihi nimzimie cherehani. Hapo nikamvuta daktari kwenye korido nikamwambia amemeza vidonge vya kupunguza unene, vyenye unga wa manjano.

Daktari hakuuliza mara mbili. Wakaleta barafu, wakamlaza juu ya shuka mbichi na feni mbili, wakamchoma sindano ya kumtuliza misuli. Alituambia wazi kwamba sumu ile haina dawa ya kuivunja. Kazi ni kumpoza mpaka mwili uitoe wenyewe. Mama akaniuliza homa gani hii isiyosikia dawa. Nikamwambia si homa, mama. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: ndani ya kila seli mna vinu vidogo, na chakula tunachokula kinaunguzwa ili kupandisha kitu kama maji kwenye tangi; kikiteremka, kinazungusha kinu, na kinu ndicho kinachotupa nguvu ya kutembea, kufikiri, hata kudunda moyo. Kile kidonge kinatoboa tangi. Mwili unaunguza na kuunguza, pumzi zinakwenda mbio, lakini kinu hakizunguki. Kinachobaki ni joto tu, na joto hilo linampika mtu kutoka ndani. Mama akasema Mungu alijua kwa nini alinipa akili za vitabu.

Alfajiri joto lilianza kushuka. Tangu siku hiyo mama ananitangaza mtaa mzima: mwalimu aliyeona ambacho madaktari hawakukiona.

Sasa nikwambie ukweli. Sikutambua kwa akili za vitabu. Vidonge vilikuwa vyangu. Nilivinunua kwa mwanamke anayeuza vipodozi saluni, baada ya kusikia wanafunzi wananiita Pipa. Nilisoma vinafanya nini ndani ya seli, nikaelewa vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na bado nilimeza, kidogo kidogo, nikijidanganya kwamba mjuzi hazami. Mdogo wetu aliponiona nimepungua akauliza siri. Niliona aibu kusema. Nikamwambia ni vitamini, nikampa nusu ya pakiti, nikamwomba asimwambie mama. Yeye kwa kuwa ni vitamini akameza maradufu.

Daktari alipouliza mara ya kwanza, akili za mdogo wetu bado zilikuwa timamu. Alinitazama. Alikuwa ananisubiri mimi niseme, kwa kuwa alikuwa ameahidi kunyamaza. Na nilipokuja kusema, nilisema nimekumbuka kuiona pakiti kwenye mkoba wake.

Kwa hiyo aibu anaibeba yeye. Jana mama alimwambia mbele ya majirani kwamba uzuri umemla akili, amwige dada yake. Hakunitazama. Aliendelea kumenya vitunguu.

Leo asubuhi nimerudi kwa daktari nikamweleza yote, na nikampeleka kwenye saluni anapouzia yule mwanamke. Vidonge vilivyobaki nimemkabidhi daktari. Mdogo wetu nimemwomba radhi. Alisema tu kwamba yeye hana la kusamehe mpaka mama ajue. Jumapili, baada ya chakula, nitamwambia mama, mdogo wetu akiwa amekaa pale pale.

Usinitetee kwa mama, kaka. Hasira yako nitaipokea. Nisalimie wifi, nibusie watoto, na umwambie mkubwa wao madaftari aliyoomba yako njiani. Ile karatasi uliyoiweka kwenye bahasha, ya kumkaripia mdogo wetu kwa upuuzi wake, sikumpa. Nakurudishia humu. Tafadhali mwandikie nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu